TULICHAPA LAPA LUSHOTO HADI MTAE, MZIGO WA MZEE UKATUUMBUA

Jamani, msione watu wametulia kwenye daladala mkadhani wote wazima. Mwenzenu nilipanda milima na familia yangu, nikarudi mjini na malengelenge mawili, goti moja bovu na aibu ambayo mpaka leo sijaimaliza.

Ilikuwa Juni 2024. Kitinda mimba wetu alikuwa ametoka kumaliza mtihani wa kidato cha sita, anasubiri majibu, na kazi yake nyumbani ilikuwa moja tu: kuuliza likizo tunakwenda wapi. Akili yake yote ilikuwa Zanzibar. Kofia ya ufukweni alishanunua.

Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, akajifuta vumbi la mbao mikononi, kisha akatoa tamko.

"Tunakwenda Mtae. Kwa miguu."

Tukacheka. Yeye hakucheka.

Sasa msomaji wangu, ngoja nikuweke sawa. Dingi yetu ni Msambaa wa Mtae, kijiji kilichokaa ukingoni kabisa mwa Milima ya Usambara Magharibi, mkoani Tanga. Kutoka hapo hadi Lushoto mjini ni kama kilometa 60 kwa barabara, na ujanani mwake yeye alikuwa akizikata kwa miguu, tena kwa njia za mkato. Baadaye akaja Dar, akawa fundi seremala Keko, akamwoa Mama ambaye ni mtu wa Lindi, nasi tukazaliwa na kukulia Temeke. Kishambaa tunajua maneno matatu, na mawili kati ya hayo hayasemeki mbele ya wakwe.

"Nataka mpaone kwa miguu," alisema, "kabla hamjapaona kwa gari la msiba."

Hapo kicheko kikaisha. Tukaanza kutafuta mabegi.

KILA MTU NA LAKE

Mashanta tulinunua mitumba pale Karume, manne, kila mtu lake. Na ukitaka kumjua mtu, mwangalie anavyopakia.

Mimi nilitia jinzi mbili, jaketi la kutokea, spika ndogo ya muziki na manukato. Miguuni nikavaa raba mpya, nyeupe pee, ambazo nilikuwa nimejinunulia Aprili. Mdogo wangu akatia magauni matatu ya kupigia picha. Mama, anayeogopa baridi kama paka anavyoogopa maji, akabeba mablanketi, chupa ya chai, ndimu na dawa ya kuchua.

Mzee hakuna aliyejua kabeba nini. Alilifunga shanta lake mwenyewe usiku, akalizungushia na kamba juu. Asubuhi nikajitia kidume, nikataka kulipeleka mlangoni. Likagoma kunyanyuka.

"Baba, humu kuna nini?"

"Vifaa," akajibu, akalitupia begani kama mtu aliyezoea kubeba mbao. Yakaishia hapo.

Tukapanda basi Stendi ya Magufuli, Mbezi. Ukifika Mombo basi linaiacha barabara kuu ya kwenda Arusha, linaanza kupanda kona baada ya kona, kilometa 33 hivi, unapita Soni, mpaka Lushoto. Mji uko kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Wajerumani waliuita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao, na uongo mbaya, ukishuka kwenye basi mwezi Juni unaelewa kwa nini walipapenda. Baridi yake ni ya kwao! Mama alishuka amejifunga blanketi moja, la pili kalishika mkononi.

PUMZI, SI USEREMALA

Siku ya kwanza tulianza saa moja asubuhi na kijana mmoja mwongoza wageni, mwenyeji wa huko huko. Njia inapita Msitu wa Hifadhi wa Magamba, na humo ndimo nilipogundua kwamba sisi watoto wa mjini tunaishi kwa kuibiwa. Hewa kama imetoka kwenye friji. Mbega weusi wenye mikia myeupe wanaruka juu ya vichwa vyenu bila nauli.

Kijana akatueleza kuwa milima hii ni sehemu ya Tao la Mashariki, mnyororo wa milima unaoanzia Taita kule Kenya na kuteremka hadi Udzungwa, na kwamba misitu yake ina viumbe wasiopatikana kwingine duniani. Akatuonyesha kinyonga mwenye vijipembe puani. Mama akapiga yowe lililowahamisha mbega wote.

"Usimwogope, Mama," kijana akamwambia. "Huyu ni maarufu. Mwaka 2006 wanasayansi waliunda kundi jipya la vinyonga, wakaliita Kinyongia, kwa neno hili hili letu la Kiswahili."

"Basi apewe na pasipoti aondoke," Mama akajibu.

Tukacheka tukasonga. Ila kuna jambo moja lilianza kunishangaza. Mzee, aliyetuimbia wiki nzima jinsi alivyokuwa akiichapa njia hii kama swala, alikuwa wa mwisho.

Tena alikuwa na visingizio vya kitaalamu. Kila hatua hamsini anasimama, anashika mti, anatoa somo. Huu podo, mbao yake laini kwa randa. Ule kule mkulo, kabati lake haliliwi na wadudu. Mkono uko kwenye mti, macho ameyafumba kidogo, anaongea pole pole.

Mimi nikadhani ni useremala. Kumbe ni pumzi.

Jioni tukaingia Lukozi, hoi bin taaban. Ni pahala pa mboga hasa: kabichi, karoti, viazi, vinapakiwa kwenye malori usiku kuelekea mijini. Mdogo wangu akasimama mbele ya lori moja akasema, "Kumbe kachumbari yetu inatoka mbali hivi." Gesti tukapata, na usingizi ukatuchukua na viatu.

ALIPOKAA CHINI

Asubuhi ya pili tukaelekea Rangwi. Watoto wa shule walikuwa wakitusalimu njiani, "Onga maundo!", sisi tunajibu "Poa!", wanaanguka kwa kicheko. Mzee peke yake ndiye aliyejua kujibu, na siku hiyo hata yeye alijibu kwa kunyanyua mkono tu.

Bodaboda walikuwa wakitupita kwenye barabara ya vumbi jekundu. Mdogo wangu akaanza wimbo wake: angekuwa Zanzibar sasa hivi, miguu iko kwenye maji, wenzake wote wanaweka picha. "Sisi tu ndiyo tunatembea kama wakimbizi," akasema. Nami, sitaki kujisafisha, nikamuunga mkono. Nikasema kama Mzee anataka kukumbuka ujana si angekuja mwenyewe.

Alisikia. Najua alisikia kwa sababu hakujibu.

Ilikuwa kama saa nne na nusu, tunapanda kilima chenye mawe yaliyolegea. Nyuma yangu nikasikia kitu kizito kinagonga chini. Nikageuka nikijua ni begi. Lilikuwa begi kweli, lakini na mwenyewe alikuwa amekaa juu ya majani, miguu ameinyoosha, ameshika kichwa kwa mikono miwili. Jasho linamtoka kwenye baridi ile.

"Nimekaa tu," akasema. "Nendeni, nawafuata."

Mama alikwishamfikia. Sijapata kumwona Mama akikimbia kiasi kile. Kijana akapiga simu, bodaboda mbili zikaja bila ajizi, tukampakia Mzee katikati ya dereva na mimi, nikimshika kiuno kama yeye alivyokuwa akinishika nikiwa mdogo kwenye baiskeli yake. Tukaenda zahanati ya kijiji cha jirani.

Nesi akampima. 182 kwa 108. Akampima tena mkono wa pili, mashine ikasema vile vile.

"Baba, una presha?"

Kimya.

"Unakunywa dawa?"

Mzee akaangalia dirishani. "Ziko kwenye begi," akasema.

SHANTA LAFUNGULIWA

Mama na mdogo wangu walifika na bodaboda nyingine, na shanta. Tukakata ile kamba. Nikalimwaga lote juu ya benchi la wagonjwa.

Sukari kilo sita. Mafuta ya kula lita tatu. Miche ya sabuni. Doti ya kitenge. Halafu randa, msumeno, nyundo na bawaba mbili mpya zimefungwa gazetini. Mwongozaji wetu akajaribu kulinyanyua lilivyokuwa, akatikisa kichwa. Sheria yao ni kwamba mzigo wa mgongoni usizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mbebaji. Wa Mzee ulikaribia theluthi.

"Hivi vyote vya nini?"

"Mtu haendi kwa dada yake mkono mtupu," Mzee akasema. "Na mlango wake wa nyuma umeoza. Kaniambia tangu mwaka juzi."

Chini kabisa, ndani ya soksi, ndipo palipokuwa na vidonge. Nesi akavihesabu, akasoma tarehe kwenye kikaratasi, akahesabu tena. Vilikuwa vimebaki vingi mno.

Akamtazama mzee wangu kwa upole. "Baba, unaruka siku."

Na hapo ndipo yalipotoka. Presha aligundulika nayo tangu Februari. Dawa aina mbili, na kupimwa kila mwezi. Bima hana, fundi wa Keko anakula alichouza jana. Akaona dawa za mwezi mmoja azifanye za miezi miwili, siku anakunywa, siku anaacha, ili pesa inayobaki iende kwenye kopo.

"Kopo gani?" Mama akauliza.

Mzee akamtazama kitinda mimba. "Majibu yakitoka mazuri, chuo watataka pesa. Nisingoje siku hiyo ndiyo nianze kuzunguka."

Mdogo wangu, yule mwenye mdomo wa kuchonga, hakupata neno. Alibaki ameshika kilo ya sukari mapajani kama ameshika mtoto.

Mama naye alikaa muda mrefu. Kisha akasema pole pole, "Miaka 27 nafua mashati yako. Sikujua una nini mfukoni."

Na mimi je? Mimi ndugu yenu nilikuwa naangalia chini. Kwa sababu Aprili ile ile, Mzee alinipigia simu mchana nikiwa dukani Kariakoo. Aliniomba pesa kidogo, akasema nitamrudishia mwisho wa mwezi, kuna kitu anataka kununua. Nikamwambia, "Baba, mambo magumu." Jumamosi yake nikaenda kununua raba.

Raba zenyewe zilikuwa miguuni pangu, tope mpaka kwenye kamba. Mzee aliziangalia. Nikasema sasa ndiyo nalipuliwa mbele ya nesi.

"Zinashika vizuri kwenye utelezi?" akauliza.

Hivyo tu. Heri angenizaba kibao.

NANI ABEBE SUKARI?

Nesi alimpa masharti. Dawa kila siku, hata akijisikia mzima, maana presha haipigi hodi. Apumzike. Kupanda milima na mzigo, basi.

Tulilala Rangwi usiku mbili kwenye nyumba ya wageni ya masista. Bustani safi, ukimya, supu ya moto. Mzee alilala kama mtu aliyetua zigo, na kweli alikuwa amelitua. Asubuhi ya siku ya nne bodaboda ilimrudisha zahanati: 150 kwa 92. Bado iko juu, nesi akasema, lakini imeanza kusikia.

Tukakata shauri. Mzee angekwenda Mtae kwa bodaboda, sisi tumalizie kwa miguu. Na shanta lake apande nalo, lifungwe nyuma.

Hapo ndipo mdogo wangu alipotushangaza. Alikuwa amekwishapakua magauni yake yote, pamoja na spika yangu na jaketi langu, akayafunga kwenye mfuko yarudishwe Lushoto yatusubiri gesti. Mahali pa magauni ametia sukari, kilo zote sita.

"Weka kwenye boda, mwanangu," Mzee akamwambia.

"Sitaki. Nimeshaipakia."

Basi nami ningefanyaje? Nikachukua randa, msumeno na nyundo. Mama akachukua sabuni na kitenge. Mafuta akabeba mwongozaji. Mzee akapanda pikipiki akiwa na bawaba mbili mfukoni na chupa ya maji.

Njia ya siku hiyo ni ndefu, inapanda na kushuka mashambani, na nyundo ilikuwa inanigonga uti wa mgongo kila hatua. Mama akawa anachoka. Mwongozaji akamtoa nyuma, akamweka mbele kabisa.

"Mlimani anatangulia mwenye mwendo mdogo," akasema. "Mkimwacha nyuma mnamficha. Akiwa mbele, wote mnamwona."

Nilitamani angetuambia siku ya kwanza. Au labda nilitakiwa kulijua bila kuambiwa.

JIWE LA NJE YA KIJIJI

Tulipokaribia Mtae jua lilikuwa linaelemea. Pembeni mwa njia, kabla ya nyumba za kwanza, kuna mtu amekaa kwenye jiwe, kofia magotini.

Alikuwa Mzee. Bodaboda ilimshusha pale tangu saa tano. Shangazi nyumba yake iko dakika kumi tu kutoka hapo, lakini alikataa kuingia.

"Nilisema tunakuja kwa miguu," akasema. "Wote."

Tukaingia kijijini wanne, Mzee mbele, taratibu kama harusi. Watu wanatoka milangoni, wanamwita kwa jina la utotoni ambalo sisi hatujapata kulisikia. Mdogo wangu akawatolea "onga maundo" kwa mbwembwe, saa kumi na moja jioni! Kijiji kizima kikacheka, maana hiyo ni salamu ya asubuhi.

Shangazi, mbavu za mbwa lakini sauti ya jeshi, akatukumbatia mmoja mmoja. Alipoona sukari akauliza nani kaibeba. Mdogo wangu akafunua bega lenye alama nyekundu. Shangazi hakusema kitu. Akachemsha maji, akatia chumvi, akamkalisha, akamwosha miguu mwenyewe.

Kesho yake alfajiri Mzee alitupeleka ukingoni. Mtae imejengwa kwenye mgongo wa mlima, na mbele yako ardhi inakatika ghafla, mamia ya mita chini, tambarare za Mkomazi zimetandazwa mpaka macho yanachoka. Milima ya Upare iko kule. Siku mbingu zikitakata, Kilimanjaro yenyewe inaonekana. Siku yetu haikuonekana. Mdogo wangu alitoa simu apige picha, akaiangalia, akairudisha mfukoni.

Mchana tukatengeneza mlango. Mzee amekaa kwenye kigoda anaelekeza, mimi ndiye mwenye randa. Nilizaliwa nyumba ya seremala, nikafika miaka 26 sijui kushika randa. Bawaba ya chini niliifunga upande, akanifungulisha mara tatu.

Kurudi tulipanda basi la usiku wa manane, maana kule mabasi yanaondoka kabla jogoo hajajua. Njia iliyotuchukua siku nne, basi likaimaliza kwa saa chache, mimi nimeegemea dirisha nahesabu vilima.

Siku hizi vidonge vya Mzee haviko ndani ya soksi. Viko mezani, karibu na chumvi, na kila asubuhi mtu wa kwanza kuamka ndiye anayempelekea na maji. Dawa nanunua mimi. Msinipongeze, nalipa deni la Aprili. Mdogo wangu alipata chuo, na kopo limekwisha, lakini safari hii wote tunajua limekwisha.

MKITAKA KWENDA

Msiogope, njia ni nzuri na haihitaji uwe komando. Machi hadi Mei mvua ni nyingi na udongo unateleza, bora Juni hadi Septemba, ila mbebe sweta la kweli. Chukueni mwongozaji mwenyeji Lushoto. Viatu viwe vimeshazoea mguu, na soksi zaidi ya jozi moja. Kata kucha za vidole vya miguu, maana kushuka ndiko kunakoumiza kuliko kupanda. Mwenye presha, sukari au pumu amwone daktari kabla, na dawa zake zijulikane ziko begi gani.

Na la mwisho, usiku wa kuamkia safari, msifunge mabegi kila mtu chumbani kwake. Yafungueni sebuleni, mbele ya wote. Sisi tulisubiri mpaka benchi la zahanati.